Duara Nyuma ya Jiko

Msimu mzima mke wangu alikuwa akipita nyuma ya jiko lake akiwa ameugeuzia uzio uso, kama mtu anayepishana na mgomvi wake sokoni. Nyuma ya jiko hilo kuna ukuta, na kwenye ukuta huo kuna kazi yangu. Nilitaka aitazame. Sikutaka aisifu, maana sifa sijazoea kuziomba kwa mtu. Nilitaka asimame pale, aitazame kuanzia juu hadi chini, basi. Alikataa. Na mwanamke wa Kisukuma akishakataa, tafuta shughuli nyingine uifanye huku unangoja.

Acha nianze mwanzo ili nieleweke.

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe. Shule niliishia darasa la pili, baba aliponitoa nikachunge ng'ombe, na sioni haya kulisema. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwa mifuko ya saruji na mabango ya barabarani. Nyumba hii ya Ngokolo, hapa Shinyanga mjini, nimeisimamisha mwenyewe, watoto wangu wamesoma mpaka wanaongea mambo nisiyoyafuata, na yote hayo yametoka shimoni. Nilikuwa mchimbaji Geita. Sisemi ule mgodi mkubwa wenye walinzi na magari kama nyumba. Nasema wachimbaji wadogo, watu wa nyundo na kamba. Shimo letu tunaliita duara. Langu nililianza nikiwa kijana mwenye nywele nyingi, nikaliacha nikiwa na upara na goti moja lisilokunjika, baada ya gogo la kuegemezea kuta kufyatuka na kunikuta nimechuchumaa.

Kila nilichopata kiko juu ya ardhi, mtu yeyote anaweza kukiona na kukihesabia sifa au kasoro. Mahali nilipokipatia pako chini, na hakuna aliyepaona ila sisi tulioingia.

Basi nikarudi Shinyanga kupumzika. Watu wanalisema neno hilo kama vile wanakupa asali. Umewahi kujaribu? Watoto walininunulia televisheni kubwa kama mlango, na king'amuzi chake juu. Watu wanakimbiza mpira, mimi nasinzia. Nikihamia barazani, nawaona vijana wa bodaboda wanapita, wananisalimia, "Shikamoo mzee," najibu marahaba, wanatokomea kwenye kazi zao. Nikiingia jikoni mke wangu ananiuliza nimepoteza nini.

"Sijapoteza kitu."

"Basi toka mlangoni, baba, unanizibia mwanga."

Mikono ndiyo iliyonisumbua zaidi. Goti lilishastaafu, lakini mikono haikuambiwa. Inatetemeka kidogo, kwa sababu ya yale maji ya zebaki tuliyokuwa tukichanganyia dhahabu na kuyachoma bila kujua tunavuta nini, lakini inataka kazi. Usiku naota nashika nyundo, asubuhi naamka sina cha kushika ila kikombe cha chai, nacho kinagongana na kisahani mpaka mke wangu ananitazama.

Jiko lake ni la nje, la matofali ya udongo. Gesi tunayo, watoto walileta, lakini anasema ugali wa gesi una haraka. Mvua za mwaka ule zilibandua ukuta wa nyuma, nikasema nitaukandika mwenyewe. Nikachanganya udongo na samadi, kama mama yangu alivyokuwa akifanya kijijini. Udongo mweusi wa mbuga uliishia juu juu, ukuta haujafika nusu. Nikachukua ule mwekundu uliobaki pale walipochimba mtaro wa barabara, nikaendelea nao chini ya mweusi. Nikarudi nyuma hatua chache niangalie kama nimenyoosha.

Ebo! Lilikuwa duara langu. Mdomo wake hasa. Pale Geita ukianza kushuka na kamba, unapita kwanza udongo mweusi wenye mizizi, halafu mwekundu, na huo mwekundu unakusindikiza mpaka mwanga wa juu umekuwa kama sinia. Nilisimama nautazama ukuta mpaka tope likanikaukia viganjani.

Siku iliyofuata nilitaka kuona kilichofuata chini.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na sikumwomba mtu ruhusa. Ukuta ule una urefu wa mtu na nusu, mpana wa kutosha. Niliubandua wote nikaanza upya, safari hii kwa makusudi, tabaka kwa tabaka, kama ardhi ilivyolala. Mimi siwezi kuchora mtu wala ng'ombe. Nikichora ng'ombe utadhani ni meza. Lakini udongo naujua. Miaka yote ile nilikuwa nautazama kwa tochi ya kichwani, uso kwa uso, hakuna kingine cha kutazama kule. Najua pale mwekundu unapochoka ukawa wa chungwa, najua ule mweupe unaoteleza kama uji ulipokatiza kwa upande, na najua mistari haijanyooka. Mikono yangu ikitetemeka, mstari unatetemeka, na ndivyo ulivyo kule chini. Ardhi nayo haikupigwa rula.

Kazi ya kwanza ilioshwa na mvua ya jioni moja tu. Udongo na maji havishikani na ukuta, hilo mtoto angeniambia. Nikakaa nikawaza. Nikakumbuka tulipokuwa tunachunga tulikuwa tukibandua utomvu wa mgunga, ule mkavu unaong'aa, tunautafuna mchana kutwa na unanata kwenye meno. Nikaenda porini na goti langu, nikakusanya wa kutosha, nikauloweka. Nikachanganyia udongo humo. Mvua ikaja tena, ukuta ukabaki. Nilifurahi peke yangu pale nyuma, nikapiga ukuta kofi kama mtu anavyompiga fahali wake mgongoni.

Udongo wenyewe lazima uchekechwe, usiwe na changarawe. Nikatumia chekeche nililolikuta.

"Chekeche langu la unga liko wapi?" mke wangu akauliza kutoka ndani.

Ukuta ule una tundu la kutolea moshi. Yeye yuko ndani anapika, mimi niko nje napaka, na tulikuwa tukiongea kupitia tundu hilo. Nikuambie ukweli, tuliongea zaidi kupitia tundu lile kuliko miaka yote niliyokuwa nakuja nyumbani na kuondoka.

"Liko huku."

"Linafanya nini huko?"

"Linafanya kazi."

"Utakula ugali wenye mchanga, usije ukanisemesha."

Nilikula ugali wenye mchanga, na sikumsemesha.

Sasa niwaeleze kwa nini alikataa kutazama. Kule machimboni, mwanamke hasogelei duara. Wanasema dhahabu inakimbia. Sheria hiyo sikuitunga mimi, niliikuta, na ukiwa na duara lako unaifuata, maana siku dhahabu ikipotea, hata ipotee kwa sababu zake yenyewe, vijana watasema ni yule mwanamke, watakunja nguo zao waondoke. Mke wangu alikuja Geita kunipikia mimi na vijana wangu misimu mingi. Alikuwa na banda lake la turubai. Kati ya banda na duara kulikuwa na kisiki cha mti tuliokata kwa ajili ya magogo ya kuta. Hapo ndipo mwisho wake. Analeta chakula, anaweka sufuria juu ya kisiki, anagonga mfuniko kwa mwiko, anageuka anarudi. Akishafika bandani ndipo sisi tunakwenda kuchukua. Miaka yote hiyo alikula kwa duara lile, akavaa kwa duara lile, akasomesha watoto, na hakuwahi kuona hata mdomo wake.

Kwa hiyo nilipofika katikati ya ukuta, nilimwita. Alikuwa kwenye mkeka anachambua maharage.

"Mama, njoo uone."

"Nione nini?"

"Duara."

Hakuinua kichwa. "Duara si mliniambia mwanamke hasogelei?"

"Lile la kule."

"Na hili?"

"Hili ni ukuta tu."

"Kama ni ukuta nimeshauona. Niliukandika mwenyewe miaka yote wewe hupo." Akatupa haragwe bovu upande. "Tena dhahabu ikikimbia msije mkasema ni mimi."

Nikarudi kwenye kazi yangu. Alichosema kilikuwa kweli. Lakini tangu siku hiyo nilijua ninampakia nani ukuta ule. Mwanzo nilipaka kwa ajili ya mikono yangu. Sasa nilitaka ukamilike mpaka chini kabisa, mpaka pale nilipokuwa nakaa, halafu atake mwenyewe kuja.

Nyeusi ya mbuga ikikauka inapauka, inakuwa kama jivu. Nikamwomba masizi kupitia tundu la moshi.

"Masizi ya sufuria zangu yakae kwenye sufuria zangu," akajibu.

Basi nikaacha mbuga ibaki jivu.

Chini ya mweupe kuna jiwe la kijivu lenye ubluu kwa mbali. Hilo sikuwa nalo, na hapa mjini halipo. Nikakumbuka Maganzo. Wanaochimba almasi kule wanatupa vifusi vyenye rangi ile ile. Nikapanda gari asubuhi na viroba vyangu viwili vitupu. Sijashuka vizuri, kijana mmoja mwenye kofia akanisogelea.

"Shikamoo mzee. Una jiwe?"

"Marahaba. Sina jiwe. Nataka udongo."

"Udongo upi?"

"Ule pale, wa kijivu, mliomwaga."

Akautazama udongo, akanitazama mimi, akautazama tena udongo. Akamwita mwenzake.

"Mzee anataka udongo."

"Wa kufanyia nini, mzee?"

"Wa kupaka ukuta."

Wakacheka kwa adabu. Kisha wakaacha kucheka, na hapo nikajua nimeharibu. Mahali kama pale mtu anaweza kuja kununua jiwe, kuuza jiwe, kuiba jiwe au kudanganya kuhusu jiwe, na watu watamwelewa. Lakini mzee mwenye miaka yake ya machimbo aje kubeba udongo uliotupwa, asafiri nao mpaka mjini, aseme ni wa kupaka ukuta? Nilipokuwa najaza kiroba, kila ninapochota, watu watatu wananichungulia koleo. Nilipoondoka nikasikia nyuma yangu, "Huyo mzee anajua kitu."

Udongo ulinifaa sana. Nikausaga, nikauchekecha, nikaupaka, ukakaa kama uliwekwa na Mungu. Ukuta ukabakiza kipande kimoja tu, chini kabisa, kama urefu wa goti. Mahali pa mkanda, ule mshipa wa jiwe lenye dhahabu. Mahali pangu.

Udongo wa hapo nilikuwa nao. Siku niliyoaga duara, vijana walinishusha kwa kamba kwa sababu ya goti, nikakaa kidogo pale chini, nikajaza kifuko cha chumvi ule udongo wa njano wenye kutu unaoambatana na mkanda. Haukuwa na dhahabu ya maana. Nilitaka tu kuondoka na kitu cha pale. Baadaye wenye leseni walilifukia duara lile kwa katapila, likawa uwanja. Kwa hiyo kile kifuko ndicho kilichobaki. Nilikiweka stoo, juu ya dari, na nilipofika chini ya ukuta nikakishusha nikakiweka kando. Sikutaka kukipaka mke wangu akiwa amegeuzia uzio uso. Nikasema nitangoja.

Nikangoja. Nikawa nasuguasugua sehemu zilizokwisha. Yeye anakwenda kumwagia mchicha wake maji, anapita na ndoo, shingo imegeuka. Nakohoa, hageuki.

Ndipo akaja mgeni. Huyu mzee tulichimba pamoja, yeye kwenye kamba juu, mimi chini, au mimi juu yeye chini. Ukimpa mtu kamba yako umempa roho yako, kwa hiyo huyo kwangu ni zaidi ya ndugu. Yeye hakupumzika. Bado anazungukazunguka, leo Geita kesho Maganzo, anaunganisha wenye mawe na wanunuzi.

"Mwangaluka, Ngosha!" alinisalimia kwa Kisukuma kutoka getini.

"Mwangaluka. Umepotea!"

"Sijapotea, nakusikia tu. Unasikika sana siku hizi." Akakaa, akavua kofia, akasogeza kiti karibu. "Mimi na wewe tumekula chungu kimoja. Ule udongo wa nini?"

"Wa kupaka."

"Kupaka."

"Ukuta."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ngosha, waambie hivyo watoto wa Maganzo. Mimi niambie ukweli."

Nikamshika mkono nikampeleka nyuma ya jiko. Alisimama mbele ya ukuta na kicheko kikamwisha. Akasogea. Akapitisha kidole kwenye ule mweupe unaokatiza.

"Hapa ndipo maji yalipotutoa mbio."

"Ndipo."

"Na hapa ndipo lile jiwe lililokataa baruti." Akashuka na kidole mpaka kwenye kijivu. "Hili ni duara letu!"

Nikaona raha, sitaki kuficha. Nikasema, huyu kaelewa. Kumbe alikuwa anaelewa lingine kabisa. Alinigeukia macho yametoka, akashusha sauti.

"Umechora ramani."

"Ramani gani?"

"Umeacha hapa chini patupu makusudi, ili mtu asijue mkanda unakwenda wapi. Ee, wewe mzee ni mbaya wewe!"

Nikamwambia aache upuuzi, nikamwacha pale nikaenda dukani kumnunulia sukari ya chai, maana ya ndani ilikuwa imekwisha na mgeni hanywi chai ya chumvi. Duka haliko mbali. Nikamkuta muuza duka anagombana na simu yake, nikachelewa kidogo.

Niliporudi nilisikia sauti kabla sijaona. Sauti ya maji yanayozunguka kwenye karai. Ukiwa umeishi machimboni, sauti hiyo hukosei. Mwenzangu alikuwa amechuchumaa kwenye bomba, suruali imepandishwa, karai la kufulia mkononi, anaosha. Kifuko changu cha chumvi kilikuwa kitupu pembeni yake. Maji ya njano yalikuwa yanatiririka kwenye matuta ya mchicha.

Sikupiga kelele. Nilikaa juu ya ndoo. Alikuwa anazungusha karai taratibu, anainamisha, anamwaga kidogo, anarudisha, vizuri kama zamani. Ni vigumu kumchukia mtu anayeosha vizuri namna ile. Alipofika mwisho akalielekeza karai kwenye jua, akalitazama, akanitazama kwa huruma.

"Ngosha, hakuna kitu. Hata chembe."

"Najua."

"Sasa ulikuwa unauficha wa nini?"

"Ulikuwa rangi."

"Rangi." Safari hii hakucheka. Nadhani aliuona uso wangu. "Basi nitakuletea mwingine."

"Kutoka wapi? Si limefukiwa?"

Hapo mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"We mzee! Nani kakuambia unimwagie maji ya machimbo kwenye mchicha?"

"Shemeji, tulikuwa tunaangalia tu..."

"Machimbo mmeyaacha huko, leo mnanifuata nayo bombani? Toka hapo! Osha mikono uje ule, halafu uende kwenu."

Alimpa ugali na mchuzi wa sato, akamsema kwa kila tonge. Mwenzangu alikula kichwa chini, akaaga. Pale getini bado akaninong'oneza, "Ila lazima kuna kitu." Nilimsamehe palepale. Mtu aliyetafuta maisha yake yote hawezi kuona udongo akaona udongo.

Mimi nilirudi kwenye televisheni. Sikugusa ukuta. Kile kipande cha chini kilibaki na tope la kawaida, kama jino lililong'oka, na sikuona sababu ya kukitazama. Nikapaka udongo wa mtaro hapo? Ningejua mwenyewe kila nikipita. Mimi si mtu wa kudanganya ukuta. Nikatazama mpira, watu wakashinda, wakashindwa, mikono yangu imelala mapajani inatetemeka yenyewe. Mke wangu anapita kati yangu na kioo. Wiki ikapita, au zaidi.

Asubuhi moja akaja akaizima ile televisheni.

"Njoo nyuma ya jiko."

Nilipofika alikuwa amesimama mbele ya ukuta. Amesimama sawasawa, kifua na uso vimeuelekea, mikono kiunoni. Inaonekana alikuwa ameshautazama kabla, maana hakushangaa. Alikuwa anautazama kama anavyotazama kitambaa dukani, anatafuta kasoro. Alianzia juu. Akaenda chini. Akarudi juu.

"Kisiki kiko wapi?"

"Kisiki gani?"

"Kisiki changu. Nilichokuwa naweka chakula."

Sikuwa nimekiweka. Nilikuwa nimeweka mizizi, tope, maji, jiwe lililokataa baruti, kila kitu nilichokiona mimi. Kisiki kilikuwa juu, kwenye jua, nyuma yangu.

"Nilipaka ya chini tu," nikasema.

"Nimeona." Akainama, akatoa sufuria iliyokuwa kwenye kivuli cha ukuta, akafunua kawa. Ndani kulikuwa na udongo wa njano, mkavu, laini kuliko nilivyowahi kuuchekecha mimi.

Nikajua mara moja. Machimboni kinachobaki baada ya kuosha tunakiita marudio, na hakimwagwi. Kinakingwa, kinatuama, kinakaushwa, kinaoshwa tena siku nyingine, maana dhahabu haitoki yote kwa mara moja. Mke wa mchimbaji anaona maji ya kuosha yanakwenda mtaroni, mguu wake unaziba wenyewe kabla hajawaza. Alikuwa amekinga lile tope kwenye matuta siku ile ile, mimi namsindikiza mgeni getini, akalizoa, akalituamisha, akalianika juu ya bati.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unatazama mpira."

Nikaenda kuloweka utomvu. Akaniletea mwiko wa zamani wa kukorogea, na yeye akakoroga, maana anasema mimi nakoroga kama napigana. Nikashuka chini kwa goti moja, lile jingine nimelinyoosha pembeni, nikaanza kupaka. Yeye akakaa kwenye kigoda chake nyuma yangu.

"Hapo ndipo ulipokuwa unakaa?"

"Hapa."

"Umesimama?"

"Kusimama wapi, mama! Umelala ubavu. Siku nyingine umechuchumaa."

"Mwanga?"

"Tochi ya kichwani."

Nikapaka. Ule udongo ulikuwa umeoshwa, kwa hiyo ulikuwa umepauka kuliko ule wa kwanza, lakini ulikuwa wenyewe. Ukishika ukuta unajua.

"Mlikuwa mnanisikia nikigonga mfuniko?" akauliza.

Nilifikiri nimdanganye, nikaona sina uzoefu. "Hapana. Chini kule hakusikiki kitu. Aliyekuwa juu ndiye aliyesikia, anatutikisia kamba."

"Kumbe. Mimi nilikuwa nagonga kwa nguvu ili mlio ufike kwako."

"Chakula kilikuwa kinafika."

"Chakula kilifika, ndiyo."

Nilipomaliza nikajivuta nyuma, nikaegemea ndoo. Ukuta ulikuwa umekamilika, kuanzia mizizi mpaka mkanda. Jua lilikuwa linaukausha, na rangi zinajitenga taratibu, kila moja ikichukua nafasi yake. Mke wangu akainuka akaingia jikoni. Nikadhani ameshatosheka. Akarudi na sufuria yake kubwa kuliko zote, ile ya shughuli, akaigeuza tako juu. Akapitisha vidole kwenye masizi, mara mbili, mara tatu, mpaka vikawa vyeusi mpaka kwenye kucha. Kisha akasogea kwenye ukuta, akapanda juu ya kigoda chake, akajinyoosha, akachora kisiki juu kabisa. Kifupi, kinene, kimekaa vizuri. Nyeusi yake ilikuwa nyeusi kweli, siyo jivu kama mbuga yangu.

Nilikitazama. Nilitaka kunyamaza, lakini mimi sijaumbwa hivyo.

"Hapo si mahali pake," nikamwambia. "Umekiweka mdomoni kabisa mwa duara. Kisiki kilikuwa mbali, kule karibu na banda."

"Ndiyo," akasema, huku anafuta vidole kwenye kanga. "Nimekisogeza."